Kovu Moja Chini ya Kitovu

Magunia manne ya unga yalikuwa mlangoni tangu asubuhi. Mwokaji mikate alikuwa amelala. Mkewe, fundi cherehani, alisimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni.

"Leo siku ya kumi, baba watoto. Utalala mpaka lini?"

"Daktari amesema wiki sita nisibebe kitu kizito."

"Kwa kidonda hicho?"

Mumewe alikuwa amepasuliwa kwa roboti. Walimtoa nyama ya tezi dume iliyokuwa imeziba mkojo. Mke alitarajia tumbo lililoshonwa juu mpaka chini. Aliona kidonda kimoja tu, chini ya kitovu, kifupi kama kidole gumba. Akajua huyu anadeka.

"Mimi nilijifungua, siku ya tano nikarudi kwenye cherehani," alisema. "Wewe mwanamume mzima unashindwa na mchubuko!"

Maneno yalimchoma mwokaji. Aliinuka, akabeba gunia la kwanza, akabeba na la pili. Jioni alikojoa damu tupu. Kisha mkojo ukakataa kutoka kabisa. Tumbo likawa gumu, na mtu yule mpole akapiga mayowe.

Hospitalini waliosha kibofu kwa mrija, wakatoa mabonge ya damu. Mke alikaa kwenye benchi, amekata tamaa. Majuto ni mjukuu, na kwake yalikuwa yamefika.

Muuguzi aliketi kando yake.

"Dada nesi, niambie kweli. Ile mashine imemharibu?"

"Hapana, mama. Mashine haikati kwa akili yake. Daktari anatazama ndani kwenye skrini, na mikono yake ndiyo inayoiendesha. Vifaa vyote vinapita kwenye tundu moja. Ndiyo maana kidonda cha nje ni kidogo."

"Sasa damu ya nini?"

"Wewe ni fundi. Bitana ya koti ikichanika, nje unaona nini?"

"Huoni kitu."

"Basi ndani amekatwa sana. Asibebe mzigo mpaka tumruhusu. Anywe maji, asijikamue chooni. Damu ikizidi au mkojo ukiziba, mje siku hiyo hiyo."

"Nilimwona mvivu," mke alisema, akalia kwa kwikwi.

Nyumbani, majirani waliingiza unga uliobaki. Mwokaji alipumzika, hata ndoo hakugusa. Baada ya wiki mbili mkojo ulitoka vizuri, mweupe, bila damu. Lakini hakutaja tena maumivu yoyote. Ukimya huo ulimtesa mkewe kuliko ile damu.

"Bado panauma?" aliuliza siku moja.

"Hapana."

"Usinifiche, baba watoto."

"Nikikwambia, utaamini?"

Mke aliacha cherehani, akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Nitaamini."

Mwokaji aliuchukua mkono wa mkewe, akauweka tumboni.

"Hapa," alisema. "Nikikohoa."