Mshipi wa Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Ruiru Muriithi alipofika garaji kuchukua gari lake. Gari la stima, kuukuu, la miaka kumi na miwili. Alipolinunua alichekwa na wapangaji wa ploti nzima kule Kiganjo, Thika, na tuseme ukweli, ploti ilikuwa na haki ya kucheka. Betri ilikuwa imezeeka vibaya. Hata uichaji usiku kucha, ukitoka Thika haikufikishi Ruiru. Ikifika Juja inakata roho. Mara mbili Muriithi alilisukuma gari hadi kando ya barabara, watu wa boda wakimuuliza kama anatafuta punda.

Lakini sasa mchezo ulikuwa umeisha. Mkewe, Wamboi, alikuwa karibu kujifungua, na daktari wake alikuwa huku Ruiru. Mimba mbili zilishaharibika. Hii ya tatu walipimiwa wakaambiwa ni mvulana, na jina lilikuwa tayari: Gachau, jina la baba yake Muriithi, aliyezikwa mwezi wa pili. Kwao, kijana wa kwanza ni babu amerudi. Muriithi alimpenda sana yule mzee. Hakumlilia hadharani, mwanaume gani atalia hadharani? Alikuwa anamngoja tu.

"Hii ni betri," Mwau fundi alimwambia, akijipangusa mikono. "Imetoka kwa gari lililogongwa, la juzijuzi tu. Miaka minane, hata kumi, hutanitafuta."

"Lililogongwa? Kuna mtu alikufa?"

Mwau akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

"Betri haina damu, bwana. Enda nyumbani."

Akaenda. Vibaa vyote kumi na viwili vya kuonyesha chaji vilikuwa vinawaka kwenye dashibodi, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu alinunue. Aliimba mpaka Juja.

Hapo ndipo kengele ilipoanza.

Ting... ting... ting...

Taa nyekundu ya mshipi. Kiti cha kushoto, pale mbele. Kengele ile hulia kwa sababu moja tu: mtu amekaa na hajajifunga. Muriithi akatazama. Hakukuwa na mtu, hata begi halikuwepo. Akapeleka mkono akapapasa kiti.

Kilikuwa na joto.

Kisha akasikia harufu. Spiriti ya kinyozi, ile ya kupakwa shingoni ukimaliza kunyolewa. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Ngai," akanong'ona.

Ting... ting... ting...

Sasa akafanya lile ambalo dereva yeyote wa kwetu angefanya akichoshwa na kengele, na ndilo lililomponza. Alivuta mshipi, akaufunga juu ya kiti kitupu.

Kengele ikanyamaza. Na pale kushoto, mtu akashusha pumzi.

Pumzi ndefu... ya mtu aliyechoka kusimama.

Hakumwambia mkewe. Angemwambia nini, na mimba ile? Alijisemea ni waya, ni joto la jua, ni uchovu. Mshipi aliuacha umefungwa wiki nzima, na gari likaenda vizuri ajabu.

Jumamosi, giza likiingia, Wamboi akashikwa na uchungu. Kukaa nyuma alikataa kabisa, alisema atatapika. Muriithi akafungua ule mshipi. Wamboi akaketi, akajifunga.

Ting... ting... ting...

"Si nimefunga!"

"Najua, mama. Tulia."

Walipita mashamba ya mananasi kengele ikilia. Wamboi alikuwa ameacha kulalamika. Alikaa wima, macho mbele, kama mtu aliyewekewa kisu mgongoni.

"Muriithi," akanong'ona. "Sijakalia kiti."

"Unasema?"

"Nimepakatwa."

Muriithi alitaka kusimama, lakini kusimama wapi, na mtoto yuko njiani?

"Ameniwekea mikono tumboni," Wamboi akasema. Machozi yalimtiririka bila sauti.

Muriithi alikanyaga mafuta yasiyokuwepo, gari likapiga mbio. Aliomba kwa Kikuyu, akaomba kwa Kiswahili. Walipofika Juja, ghafla, kengele ikakatika.

"Ameenda?"

Wamboi alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Hayuko chini yangu tena," akasema. "Endesha."

Mtoto alizaliwa saa mbili baadaye, salama, kilo tatu na nusu. Muriithi alimpokea akamwita Gachau, akamwita baba, na hapo mbele ya wauguzi akalia machozi yote aliyokuwa ameyaweka tangu mwezi wa pili.

Furaha hiyo haikumaliza siku. Mtoto alilia. Akinyonya, analia. Akiogeshwa, analia. Kliniki walimpima wakasema ni mzima kama mawe. Na kilichomuuma Muriithi ni hiki: kila alipomwinamia akamwita, "Gachau, baba, nyamaza," kilio kilipanda.

Siku ya tisa, jioni, Mwau fundi alikuja kwenye geti akiwa ameinamisha kichwa. Nyuma yake alikuwa mama mzee, viatu vimejaa vumbi, ameshika tawi bichi la mti.

"Naitwa Wilkister. Nimetoka Siaya," mama akasema. "Mwanangu Marvin alifia Thika Road, ametoka tu kunyolewa. Rafiki yake ndiye alikuwa anaendesha, yeye akapona. Kwetu mtu akifa barabarani, tunaenda pale pale tunamwita, tunatembea naye mpaka nyumbani alale. Nilimwita hapo. Hakuja."

"Pole, mama."

"Basi nimefuata gari lake. Milango iliuzwa Githurai, nikaenda nikaita. Viti viko Kahawa Sukari, nikaita. Huyu fundi ameniambia imebaki betri."

Jamani, Muriithi alivyofurahi! Amchukue, amchukue hata sasa hivi! Alikimbia akafungua milango yote minne.

Mama Wilkister alipiga boneti kwa tawi, polepole. Akaita kwa Kijaluo, kisha akaita kwa Kiswahili, kijana asipate kisingizio.

"Marvin! Mwanangu, twende nyumbani."

Ndani ya nyumba, kilio kikanyamaza.

Tawi likabaki hewani. Mlango ukafunguka, Wamboi akatoka na mtoto kifuani, anacheka na kulia.

"Amenyamaza! Muriithi, mmefanya nini? Mwone!"

Mtoto wa siku tisa alikuwa amegeuza shingo. Alimtazama mama Wilkister, akamtazama tu.

"Naomba nimshike," mama akasema.

Muriithi akajitia katikati. "Hapana. Huyu ni Gachau. Huyu ni baba yangu."

Mama Wilkister akashusha macho.

"Siwezi kumnyang'anya mwanamke mwenzangu mtoto," akasema. Akageuka, akaanza kwenda, Mwau akimfuata.

Hata hakufika kwenye geti. Mtoto alipiga ukelele mmoja, akakauka. Mdomo wazi, sauti hakuna. Uso ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau.

"Hapumui! Muriithi, hapumui!"

Muriithi alimpokonya mtoto akampigapiga mgongoni. "Gachau! Baba! Gachau!" Mwili mdogo ukazidi kukaza. Basi akaweka mdomo kwenye kile kisikio, akanong'ona neno moja.

Mtoto akavuta hewa.

"Umemwitaje?" Wamboi akauliza.

Muriithi alimwinamia tena mtoto, akajaribu kwa sauti ya chini kabisa, akimbembeleza baba yake.

"Gachau?"

Ule uso ukaanza tena kugeuka zambarau. Na Muriithi akaliita lile jina lingine kwa nguvu, hata mama Wilkister kule kwenye geti akageuka.