Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Mafuta ya shokapu hayanuki samaki. Kyaruzi alilijua hilo, maana shokapu amefungua nyingi pale Kagondo, uani kwake, ambako gereji na nyumba vinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo tu. Lakini hizi za gari la Ishengoma zilivuja ute mzito kama makamasi, una magamba ndani, unanuka utumbo wa sangara ulioshinda juani siku tatu.

Na gari lenyewe si la mchezo. Shokapu zake zina nyaya. Zinaipima barabara zenyewe, zinajikaza na kujilegeza. Ishengoma ananunua mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, visiwani Muleba. Mtu wa tumbo mbele, na marashi ya kukupigisha chafya.

"Mzee, jana nimekufungia nne mpya," Kyaruzi alisema. "Leo zote zinavuja?"

"Fundi ni mimi au wewe? Funga nyingine."

Kyaruzi akachomeka kompyuta ya kupimia. Injini imezimwa, gari limesimama, jua la saa sita, lakini shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa inajikaza na kujilegeza, inajikaza na kujilegeza, polepole, kama ubavu wa mtu aliyelala. Upande ule wote umeinama kwa uzito.

"Nani yumo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Vioo vilikuwa vyeusi. Ishengoma akajifuta jasho. "Nina mgeni."

Hapo Verdiana, mke wa Kyaruzi, alikuwa anatoka na kikapu cha kahawa ya kutafuna, maana kwa Wahaya mgeni haketi mdomo mtupu. Ishengoma, ambaye hajawahi kukataa kitu kinachomezeka, hakugusa hata punje.

"Mpeni kwanza aliye ndani," alisema.

"Usimpe," Verdiana alinong'ona. "Baba Klaudia, hiyo harufu si ya mtu. Sisi tunalala hapa."

"Nimnyime mgeni kahawa? Watu watanionaje?"

Mwanaume na kuonwa! Akazipitisha kahawa kwenye upenyo wa kioo, na mkono uliozipokea ulikuwa mweupe, umevimba kama uliokaa ziwani wiki nzima, kucha zinaning'inia, na ngozi ya kiganja ikabaki imemnata Kyaruzi vidoleni kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na wakati anajifuta kwenye suruali huku anatapika akasikia, waitu, nyuma ya kioo kile, meno yanatafuna taratibu, bila haraka, kama ya mtu aliyekwisha kufika.

Gari likainuka. Shokapu zikakauka kau. Ishengoma akarukia usukani, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, harufu ile ikiwa imehamia ndani ya nyumba, wakamleta Anatolia, mganga wa Maruku. Hakuvuka hata mlango. Alijiziba pua kwa kanga.

"Mlimpa kahawa?"

"Nilimpa, mae."

"Jini lililojiingilia nalitoa. Lililokaribishwa na mwenye nyumba siligusi. Bwana yule alikuwa anazunguka nalo akitafuta mjinga wa kulipokea." Akatema mate, akaenda zake.

Verdiana hakulia. Alifunga nguo zake aende kwao Kashozi. Sebuleni akakuta kiti kikubwa kimebonyea, ute unachuruzika miguuni pake hadi kwenye mkeka, na kutoka pale pasipo na mtu sauti iliyojaa maji ikamuuliza Kyaruzi, kwa adabu kabisa:

"Sasa mama huyu akiondoka, mimi nitapikiwa na nani?"

Verdiana akamtazama mumewe.

Kyaruzi akainamisha kichwa, akamnyang'anya mkewe mzigo.