Mgeni wa Kisima cha Magarini

Mniwie radhi mapema: hadithi hii ilitaka mtu wa sauti nzito, na mimi hata nikitangaza msiba watu hucheka.

Mwaka wa themanini na sita Gerishom, mtu wa bara, aliajiriwa kulinda kisima cha gesi kilichochimbwa Magarini. Aliishi kando yake katika kibanda cha mabati na mkewe Nduku, ambaye kifua chake cha pumu kililia kama birika.

Mhandisi alimweleza kwamba gesi haikai pangoni; imejibana katika vitundu vya mwamba wa mchanga, na tabaka la udongo mgumu limeifunika. Ukifunga kisima presha hupanda, kisha mshale wa geji hutulia.

Kisima kikafungwa, mshale ukatulia. Halafu adhuhuri moja, jua la utosi, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Gerishom akasogea. Kunguru walikuwa wamenyamaza, na bomba ambalo kila siku lilichoma mkono lilikuwa baridi, na harufu ya kaburi lililofunguliwa mvuani ikamjaa puani, na kutoka chini, chini kabisa pasipofika hata mzizi, kitu kikagonga chuma mara tatu, kikasema taratibu, kwa Kiswahili safi kuliko chake:

"Hodi."

"Karibu," akajibu Gerishom. Alilelewa vizuri.

Mshale ukaanguka hadi sufuri. Kibandani, kifua cha Nduku kikanyamaza.

Alimkuta amekaa wima kitandani, akivuta pumzi ndani, ndani zaidi, bila kuitoa, mbavu zikitanuka, macho yakizunguka chumba kama ya mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

Akamkimbilia Batuli, mpishi wa kambi, mzaliwa wa Lamu. Batuli akaja na chetezo na mrashi.

"Ulimwuliza ni nani?" akanong'ona.

"Kwetu mtu akibisha hodi, hukaribishwa."

"Huku adhuhuri twauliza kwanza, mwanangu. Sasa usimfukuze, atakaidi. Mgeni akifukiziwa udi na kunyunyiziwa marashi, ajua kikao kimekwisha. Muage wewe, mwenye nyumba. Kwa adabu."

Udi ukafuka. Marashi yakamtiririka Nduku usoni, midomo imeshakuwa rangi ya jivu. Gerishom akasema, "Ahsante kwa kututembelea."

Nduku akaitoa pumzi: ndefu, baridi, ikasukuma mlango, ikavuka ua, ikazama bombani kwa mluzi. Mshale ukapanda, ukatulia. Kifua kikaanza tena kulia, na Gerishom hakuwahi kusikia ngoma tamu kama ile. Kwa furaha akasimama mlangoni, akapunga mkono kama mamake alivyomfunza.

"Karibu tena."

Chetezo kikamponyoka Batuli. Nje, mshale ukatikisika mara moja, kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

"Nani kasema hivyo?" Nduku akanong'ona.

Gerishom akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Ni mimi, mke wangu. Ningemsingizia jini, lakini alikuwa keshaondoka."