Kamba ya Mtumbwi Mkubwa

Maiti ilikuwa imelazwa juu ya turubai, kando ya mto, bila jaketi okozi. Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia. Ilikuwa siku yake ya tatu ya tufani na maiti yake ya pili. Soksi zilikuwa zimemlowa tangu asubuhi.

"Amekufa maji," alisema daktari wa polisi. "Hana alama ya kupigwa. Nikimpasua sitakwambia jipya."

Rafiki zake walimwita marehemu Kapteni, kwa kupenda kwake kuamrisha. Alikuwa safarini na watu wawili: mkewe, ambaye ni mwalimu, na rafiki yao wa tangu chuoni, muuguzi. Siku tano kwa mitumbwi miwili ya kukodi, jioni wakipiga hema ukingoni. Kiangazi hicho mvua haikuwa na adabu. Siku ya tatu, saa nane mchana, mtumbwi mkubwa ulichukuliwa na maji. Kapteni akajitosa kuufuata.

"Kamba ilikatika," alisema muuguzi. Mwalimu, aliyekuwa hemani wakati huo, aliitikia tu kwa kichwa.

Ndiyo maana kesho yake mzee mwenye mitumbwi aliamkia mahabusu, akisubiri shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe.

"Kamba ile haijamaliza hata mwezi," alimwambia Inspekta kupitia nondo. "Mimi bahili, afande, waulize hata wakwe zangu. Lakini kwenye kamba sibahili."

"Mahakama haitawauliza wakwe zako, mzee."

"Afadhali. Hao wangenifunga maisha."

Inspekta hakuwa na nguvu ya kucheka. Aliingia stoo ya kituo, akafungua mkoba wa vifaa vya safari uliochukuliwa ukingoni, akalinganisha na orodha ya vitu alivyokodisha mzee. Makasia yalikuwa yameegeshwa ukutani. Jaketi okozi tatu. Sufuria moja. Kamba mbili, moja kwa kila mtumbwi.

Akahesabu tena. Kamba mbili.

Moja ilikuwa imekunjwa ovyo, ina tope. Ya pili ilikuwa imeviringwa kwa kubana, mzunguko juu ya mzunguko, ncha imechomekwa ndani. Aliikunjua yote, akaipitisha vidoleni pole pole. Haikukatika popote.

"Sajini, nani alifungasha huu mkoba?"

"Wenyewe, afande, kabla hatujafika. Sisi tuliongeza ile kamba chafu tu, ya mtumbwi mdogo."

Katika chumba cha maelezo, mwalimu alikuwa ameketi, mguu wake uliokatwa na jiwe ukiwa mapajani mwa rafiki yake. Muuguzi alikuwa akiufungua bendeji. Kila alichofungua alikiviringa hapo hapo, kwa kubana, bila kutazama. Alipomaliza alichomeka ncha ndani.

Inspekta aliyaona yote akiwa mlangoni. Kisha akaiweka kamba mezani.

"Kamba iliyokatika haijikunji yenyewe, dada."

Muuguzi aliitazama, akaitazama mikono yake.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta alisema. "Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Nimechoka kukaa kimya."

"Mtumbwi uliufungua wewe?"

"Mimi. Nikausukuma kwa mguu."

"Kwa nini?"

"Alitaka tupite kwenye miamba siku ile ile, maji yamefura vile. Nilimsihi. Akasema mimi mwoga tangu chuoni."

"Ungekataa kupanda."

"Mimi ningekataa. Huyu asingekataa." Alimwonyesha mwalimu kwa kidevu. "Ana mimba, afande. Mbili zilishaharibika."

"Marehemu alijua?"

"Hapana. Nilidhani mtumbwi mkubwa ukienda, na ule mdogo hautubebi sote, atanuna, basi. Siku ya tano mzee angekuja kututafuta. Sikujua kama ataruka."

"Na huyo mzee yuko mahabusu kwa ajili yako."

"Najua. Kila nikitaka kusema, naona huyu hana mwingine wa kumshika mkono."

Mwalimu aliuondoa mguu, akaukanyagisha sakafuni. Damu ikaanza kuchuruzika.

"Mimi ndiye niliyekukataza usimwambie," alisema. "Nilitaka aimalize safari yake kwanza, aifurahie. Angejua tu, tungekaa pale hemani hata mwezi. Angenichemshia na maji ya kuoga."

Inspekta alimwagiza sajini akamfungulie mzee, kisha akavuta kiti na kuanza kuandika maelezo, neno kwa neno, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuwafanyia.

Muuguzi alipotia sahihi, sajini alikwisharudi, na pingu mkononi.

Mwalimu aliurudisha mguu mapajani mwa rafiki yake.

"Maliza kufunga," alisema. "Halafu uende nao. Leo sitaki kukuona."