Nilirithi Shamba la Mjomba, Binti Yake Akanisubiri na Panga

"Vuka huo mfereji, Asiamah. Vuka uone."

Frempomaa alisema taratibu, wala hakupaza sauti. Panga lilikuwa mkononi, limegandwa na utomvu wa kakao mpaka kwenye mpini. Alikuwa akipasua matunda tulipomkuta.

Nyuma yangu alisimama mteja wa kukodi shamba niliyemleta kutoka Kumasi, Bwana Ofosu, viatu vyake vya kung'aa vimeshazama kwenye tope. Akaninong'oneza kuuliza kama shamba ni langu kweli au nimemleta huku auawe.

Nikamwambia ni langu. Nimelirithi juzi Jumamosi, mbele ya ukoo mzima.

Frempomaa akacheka.

"Umerithi? Haya, msomi. Nenda kwa Mzee Kyei ukamuulize umerithi nini."

Nikainua mguu nivuke...

Akainua panga.

Nikaurudisha mguu. Sioni aibu kusema, na wewe ungeurudisha.

Ndugu zangu mnaosoma, nisikilizeni kwanza kabla hamjanihukumu. Najua mtanihukumu tu, lakini mfike mwisho.

Miaka minne nyuma nilikopa benki sedi elfu arobaini nikasome shahada ya pili. Kazini kwetu, shule moja ya binafsi pale Kumasi, nilikuwa mhasibu, na kila mtu aliniambia nikiwa na hiyo shahada napanda cheo. Mimi nikaamini. Mdhamini wangu alikuwa Mjomba Boadu, kaka wa mama yangu, mkulima wa kakao asiyejua kusoma. Aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa, akamuuliza dada wa benki kama mpwa wake sasa ataitwa daktari.

Nikasoma, nikamaliza, nikapiga picha na joho.

Cheo? Wakampa mtu mwingine.

Nikalipa marejesho miezi saba. Mwezi wa nane kodi ya nyumba ikanibana. Mwezi wa tisa nikasema nitafidia wa kumi. Mwezi wa kumi benki wakaanza kupiga simu asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikawa nikiona namba nisiyoijua naigeuza simu kifudifudi.

Unajua nilifanya nini?

Nikabadilisha laini.

Namba mpya nikampa mama peke yake, nikamwapisha asimpe mtu yeyote. Hata Mjomba. Nilijua benki wakimkosa mdaiwa wanamwendea mdhamini, na sikutaka Mjomba anipate aniulize. Ndiyo, nilijua. Siwezi kuwadanganya hapa.

Simu zikakoma. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Nikajisemea wamenisahau, nikaanza hata kunenepa.

Halafu mwaka huu Mjomba akaugua. Miezi mitatu baadaye ikaja barua kazini, ikapitia mikononi mwa mkuu wa shule, Bi Dankwa. Benki wanasema zimebaki sedi elfu kumi na moja, nilipe zote kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi unaofuata, la sivyo mahakamani.

Bi Dankwa aliniita ofisini akafunga mlango. Akasema mtu mwenye kesi ya deni hawezi kushika sanduku la ada za watoto wa watu. Nimalize kufikia hiyo Ijumaa au niache kazi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga hesabu kichwani, na riba zote deni lilitakiwa lifike elfu hamsini. Wao wameandika kumi na moja! Nikajua wamekosea. Nikafunga mdomo, nikafurahi kimoyomoyo.

Lakini hata hiyo kumi na moja sikuwa nayo. Nilikopa kwa marafiki wakanikwepa. Nilitangaza kuuza friji, mtu akaja kuliangalia akacheka akaondoka.

Kisha Mjomba akafariki.

Nililia, jamani. Ila ndani ya kilio kuna sauti ndogo ilianza kuniambia kitu, na leo naitaja ili nitubu. Ilisema: shamba.

Kwetu mwanaume harithiwi na watoto wake. Anarithiwa na mtoto wa dada yake. Mjomba alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu, na mama yangu ana mtoto mmoja tu. Ekari sita za kakao iliyokomaa. Frempomaa, binti yake wa kumzaa aliyekulia mle shambani, kwa mila hana chake.

Siku ya arobaini wazee wakaniketisha katikati, nimevaa kitambaa cheusi. Mzee Kyei, mkuu wa ukoo wetu, akanipa kinywaji nimwage kidogo chini, akaniuliza mbele ya watu wote kama napokea alichoacha Mjomba na alichodaiwa Mjomba.

Nikasema napokea.

Akauliza mara ya pili. Akatulia, akaniangalia, akauliza ya tatu.

Mtu mwenye akili pale huuliza, "Alidaiwa nini, na nani?" Ndiyo maana huulizwa mara tatu, upate nafasi. Mimi sikuuliza. Niliogopa likianza kutajwa deni, na langu litajwe. Nikasema napokea, napokea, wakapiga makofi, na mimi kichwani nimeshampigia simu Bwana Ofosu.

Jumatatu ndiyo hiyo ya panga. Zilibaki siku nne.

Tulitoka pale mferejini mguu kwa mguu mpaka kwa Mzee Kyei, mimi nimefura. Nilimkuta amekaa kibarazani na mama yangu. Nikashangaa mama anafanya nini pale asubuhi ile, na mbona hanitazami.

Nikamwaga malalamiko yangu yote. Binti amenitishia maisha, binti anazuia urithi wa ukoo, aitwe aadhibiwe. Mzee Kyei akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Frempomaa, aliyetufuata kwa nyuma, akaingia, panga ameliacha nje, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda mbali na mimi.

"Mpe karatasi," Mzee Kyei akamwambia.

Akaitoa kwenye mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Nikaisoma nimesimama. Kufika katikati nikakaa.

Mjomba alikuwa ameliweka shamba rehani. Sedi elfu ishirini na nane. Atakayelipa fedha hizo ndiye atakayelikomboa, na mpaka siku hiyo mavuno yote ni ya aliyezitoa. Aliyezitoa ni Frempomaa, binti yake. Na sababu imeandikwa waziwazi: kulipa mkopo wa masomo wa Kwadwo Asiamah.

Kumbe benki hawakunisahau. Walimwendea Mjomba, na baada ya hizo akaendelea kupunguza kidogo kidogo mpaka alipougua.

Chini kulikuwa na madole gumba matatu. La Mjomba. La Mzee Kyei. La tatu nilisoma jina mara mbili.

"Mama?"

Aliendelea kutazama sakafu.

"Mama, ulijua?"

"Shamba la ukoo haliwekwi rehani bila dada kukubali," akasema. "Nikakubali. Ulitaka nifanye nini, wakukamate?"

"Hela zenyewe alizitoa wapi?" nikauliza, nikimwonyesha Frempomaa kidole. Nilikuwa nimechanganyikiwa, natafuta pa kumshika.

Frempomaa akajibu mwenyewe. Miaka tisa anakamua mawese, anauza kila soko la huku. Alikuwa anaweka akiba anunue mashine, aache kukanyaga kwa miguu. Baba yake alipokuja na barua ya benki mkononi, hajui imeandikwa nini, yeye ndiye aliyemsomea.

"Nilimwambia asilipe," akasema. "Nilimwambia kabisa. Akasema ameweka dole lake pale."

Bwana Ofosu, ambaye wote tulikuwa tumemsahau, akakohoa kwenye kona.

Huyu mtu namheshimu kwa jambo moja, anajua hesabu. Akasema jambo lenyewe ni dogo. Yeye anatoa elfu arobaini na tano akodi shamba miaka kumi. Binti anapewa ishirini na nane zake, rehani inakufa. Kumi na moja inakwenda benki. Na mimi nabakiwa na sita mfukoni. Hela anazo kwenye gari, sasa hivi.



Nikamtazama Mzee Kyei. Akasema sheria iko hivyo. Mrithi ana haki ya kukomboa siku yoyote, na hakuna wa kumzuia, hata yeye. Ukoo wenyewe ungependa ardhi irudi. Ni neno langu tu.

Wadau, niliiona kazi yangu. Niliiona Ijumaa ikipita salama, Bi Dankwa akiniachia funguo za sanduku, mimi nikitembea mjini kifua mbele. Mdomo wangu ulishafunguka.

Nikamgeukia Frempomaa, nadhani nilitaka anitukane ili iwe rahisi. Hakunitukana.

"Hesabu yake ni sahihi," akasema. "Ukilipa, kesho natoka. Nilimwahidi Baba sitabishana na wewe. Pale mferejini nilikosea, hasira tu."

"Ila mashine utanunua," nikamwambia, kama mtu anayemfariji mwenzake.

"Mashine ya kukamua nini? Michikichi iko ndani ya shamba hilo hilo."

Nikamuuliza mama kitu ambacho nilipaswa kuuliza siku ya arobaini. Kwa nini Mjomba hakunitafuta hata siku moja aniambie?

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Alikutafuta. Alipiga ile namba yako ya zamani mara nne nikiwa nimekaa naye. Mimi nina mpya kwenye simu yangu, na uliniapisha. Nikamwangalia anapiga." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Halafu akasema, basi, mwacheni mtoto atafute maisha."

Nilijiinamia. Nililia mbele ya mtu niliyemleta akodi shamba.

Nilipoinuka nikamwambia Bwana Ofosu arudi mjini.

"Sikomboi," nikasema.

Mzee Kyei akauliza kama nimeelewa ninachosema. Ardhi ya ukoo itakaa mikononi mwa mtoto ambaye ni wa ukoo wa mama yake, si wetu, na mimi ndiye nitakayelaumiwa. Akauliza mara tatu, kama kawaida yake. Safari hii nilimuuliza kila kitu, mpaka mipaka ya shamba, mpaka miti mingapi. Kisha nikamjibu vilevile mara tatu.

Wapo wazee wa ukoo ambao mpaka leo hawanipi mkono. Sawa tu.

Alhamisi nilirudi Kumasi. Ijumaa asubuhi niliingia benki kwa miguu yangu, nikataja jina langu lote kwa sauti. Wakakubali kukata mshahara miaka mitatu, kwa sharti mwajiri asaini. Nikaenda kwa Bi Dankwa nikamweleza hadithi nzima, laini, rehani, mpaka elfu sita nilizozikataa. Akasaini, lakini funguo za sanduku akazichukua palepale. Sasa nagawa chaki na madaftari stoo. Mtu mwenye shahada mbili. Cheka, nimeshazoea.

Somo langu ni moja. Anayekudhamini hakusainii karatasi. Anaweka mezani kitu chake na cha mtoto wake, na ukikimbia, wanabaki wao kulipa. Kama kuna mtu kama huyo maishani mwako, mwendee leo, hata mikono mitupu.

Wiki iliyopita nilikuwa stoo nahesabu madaftari, nikasikia hodi. Frempomaa. Amevaa vizuri, hana panga.

Hatukuwa tumeonana tangu siku ile. Nikajua amekuja kwa ajili ya ile karatasi, nikaanza kumweleza kwamba sijabadili mawazo, sitalikomboa, asiwe na wasiwasi. Akaniinulia mkono ninyamaze.

Akakaa kwenye boksi la chaki. Akasema kuna kijana, fundi seremala. Ndugu zake wanakuja Jumamosi na vinywaji kumposa, na wanataka kuonana na baba yake.

Nikasema pole, Mjomba angefurahi.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

Kwetu aliyemrithi marehemu ndiye baba wa watoto wake. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilikubali mara tatu mbele ya ukoo, na halikunijia kichwani hata mara moja, kwa sababu nilikuwa naona kakao tu. Na yeye amenizidi miaka miwili.

"Wanafika saa nne," akasema. "Usichelewe, Baba."