Deki Mpya ya Fundi Masikio

Jamani wenye nyumba, wenye watoto na mnaotarajia kuwa nao, tegeni sikio niwaeleze yaliyompata fundi cherehani mmoja. Simsemi ili mumcheke. Mengi aliyoyafanya hata mimi ningeyafanya.

Fundi huyu tulimwita Masikio, na jina lilimstahili. Sindano ya cherehani ikitaka kuvunjika, yeye huisikia kabla haijavunjika, akaondoa mguu kwenye pedeli. Kila Jumamosi alasiri alifunga kazi mapema, akaifuta CD moja kwa kitambaa laini, akaiweka kwenye deki yake nyeusi juu ya kabati. Mkewe huwa anachambua mchele. Binti yao wa pekee, wa miaka saba, hujilaza sakafuni akichora. Ungepita dirishani ungetamani ukaribishwe ndani.

Jumamosi moja wimbo ulikwama. Neno lile lile likajirudia, tena na tena, likikwaruza. Masikio aliruka kitini, mkewe akakunja uso. Binti aliendelea kuchora. Hilo ndilo lililopaswa kuwashtua, ndugu zangu, lakini macho yote yalikuwa kwenye deki.

"Hii imezeeka," Masikio akasema. "Tununue nyingine."

"Mume wangu, pesa iliyopo ni ya hospitali. Mtoto anatoka usaha sikioni tangu yale mafua. Namwita mara tatu ndipo ageuke."

"Huo ni ukaidi tu. Hata mimi utotoni nilikuwa naitwa mpaka mama anakauka koo. Usaha utakauka wenyewe."

Mkewe alirudi kwenye mchele wake. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Masikio lilikuwa limeanza kufa, ingawa halikuuma.

Wiki ile hakuwa na raha. Akishona anawaza: deki ya zamani bado inaimba, sasa ya nini nyingine? Akigeuza kitambaa anawaza: lakini ikikwama tena mbele ya wageni? Alipachika mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto, jambo ambalo hata mwanafunzi wake wa kwanza hakulifanya. Kila mchana alipita dukani "kuangalia tu."

Siku ya nne muuzaji akamwekea wimbo mmoja, kwanza kwenye deki ya bei ya chini, kisha kwenye mpya inayong'aa.

"Unasikia besi hiyo, kaka? Unasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi?"

Masikio alisikia. Ambacho hakukiona ni kidole cha muuzaji, kilichoongeza sauti kidogo tu kila ilipofika zamu ya deki mpya. Mtu anayeisikia sindano kabla haijavunjika, akashindwa na kidole!

Kesho yake, mkewe alipokwenda sokoni, Masikio alifungua sanduku la nguo akaichukua ile pesa. Alijiapiza kuirudisha akilipwa sare za shule alizokuwa anashona, na kiapo hicho kikampa nguvu ya kufunga sanduku.

Alikuwa akirudi na boksi kifuani alipomwona binti yake mbele, anatoka shule, anatembea katikati ya njia. Nyuma yake ilikuja baiskeli yenye mzigo. Kengele ikalia. Ikalia tena. Mwendeshaji akapiga kelele, "We mtoto, toka!" Binti hakugeuka. Baiskeli ikamkwepa kwa upana wa kiganja, ikatumbukia mtaroni.

Masikio alishtuka. Lakini niwaambie ukweli, kwani mwenyewe alikiri kwangu huku analia: kitu cha kwanza alichokifanya ni kulikumbatia boksi lisianguke. Kisha ndipo alipomkimbilia mtoto, akamvuta mkono.

"Huna masikio wewe?"

Mtoto alimtazama midomo, akatabasamu.

Nyumbani mkewe aliliona boksi, akakaa chini taratibu.

"Umeichukua."

"Sikiliza kwanza, utanishukuru."

Akazipanga deki mbili juu ya kabati, sauti sawasawa, akamgeuza mkewe uso ukutani na kupiga wimbo kwenye moja, kisha nyingine.

"Ipi nzuri zaidi?"

"Mimi naona ni zile zile."

Masikio alirudia mara ya pili, na hapo yeye mwenyewe, na masikio yake yote, hakuisikia ile tofauti ya dukani. Akamwita binti, maana mtoto hana sababu ya kusema uongo. Alimwendea, akamshika bega, akamsimamisha amtazame.

"Baba ataweka muziki, wewe useme upi mtamu. Sawa?"

Binti aliitikia kwa kichwa. Akamgeuza uso ukutani, akawasha deki mpya, akapandisha sauti mpaka glasi kabatini zikagongana. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikapita. Binti alisimama wima, mikono nyuma, akingoja kwa adabu.

Hatimaye akauliza, bila kugeuka:

"Baba, mbona huanzi?"

Mama yake alitoa sauti ambayo majirani tuliisikia, na sitaki kuisikia tena. Masikio alizima deki, akaanguka magotini mbele ya mwanawe, hajui amshike wapi.

Muuzaji aliipokea deki kwa nusu ya bei, kwa kuwa boksi lilikuwa limefunguliwa. Nusu hiyo ndiyo iliyowafikisha kwa daktari. Sikio la kulia lilitibika, likarudi. La kushoto, usaha ulikuwa umeshakula ngoma yake. "Mngekuja mapema kidogo," daktari alisema, akaendelea kuandika.

Na ile deki kuukuu? Jirani, fundi redio, aliifungua akapangusa lenzi inayosoma CD kwa pamba yenye spiriti. Vumbi tu. Haijakwama mpaka leo.

FUNZO

Kipya kinyemi kingawa kidonda, walisema waliotutangulia, na kidonda hiki anakibeba mtoto asiyekuwa na kosa. Sisemi tusinunue vitu vizuri. Nasema kwanza safisha ulicho nacho, usimwachie muuzaji akuamulie unachosikia, na kabla hujajiuliza kama kitu kinastahili pesa yako, uliza pesa hiyo ilikuwa inamngoja nani. Na mkeo au mumeo akikuambia mtoto haitiki, acha ulichoshika, umwite mwenyewe.

Masikio bado anafunga kazi mapema Jumamosi. Ila sasa, kabla ya kuwasha muziki, huhamisha kiti chake akakaa upande wa kulia wa binti yake. Akishawasha humwinamia sikio hilo moja linalosikia, akamwambia: "Nimeanza, mama."