Jogoo Aliyekalia Neno

"Niwaambie kitu, mashemeji zangu," nilisema, nimesimama katikati ya stendi kifua mbele kama mheshimiwa anayezindua barabara. "Katika mji huu hakuna sahani ya kunishangaza. Kila chakula mtakachokisoma ukutani leo, nimekiandika mimi kwa mkono huu huu. Ukila na mimi, umekula salama."

Yashikeni hayo maneno. Mimi nayakumbuka hadi leo, na si kwa kupenda.

Mashemeji wenyewe walikuwa wawili, wageni wa mpenzi wangu. Mmoja mkunga, mwingine mwalimu wa hesabu. Walisoma naye bweni moja, wakagawana sabuni, kitanda na siri. Mpenzi wangu anashona nguo, kwa hiyo namwita Fundi. Yeye, kama mji mzima, ananiita Brashi, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika mabango na orodha za vyakula kwenye kuta za hoteli ndogondogo.

Mkiniona nimechangamka hivyo msidhani sikuwa na hofu. Wiki moja kabla, Fundi alinitumia meseji:

"Jumamosi wanakuja. Wakikukubali, Jumapili nakupeleka kwa baba. Wasipokukubali, usiniulize kitu."

Nilimjibu kwa vicheko vitano. Kisha nikaweka simu chini nikaenda msalani mara tatu.

Basi tukaanza kuzunguka mji. Kwa mama wa stendi tulikunywa chai na mayai. Kwa mzee mmoja wa chipsi tukala chipsi na juisi ya maembe. Kila tulipoingia nawaonyesha ukuta, wao wananionyesha maswali.

"Shemeji, ukikasirika unafanyaje?" Mwalimu aliuliza, amenikazia macho kana kwamba nimebeba jibu la kuibia.

"Nanyamaza."

"Mwongo huyo!" Fundi alidakia. "Ananyamaza akilala tu, na hapo bado anakoroma."

"Msipompa nafasi mtoto wa watu atajibu lini?" Mkunga alisema. "Haya, shemeji, swali la mwisho. Rafiki yetu huyu hali kitu gani?"

Hilo nililijua kama jina langu.

"Karanga," nilijibu. "Siku ya kwanza kabisa aliniambia, 'Brashi, karanga ni kaburi langu.' Nikamwambia usijali, mimi ni korosho."

Walicheka hadi Mwalimu akamwagikiwa na juisi.

"Kapita," alisema akijifuta. "Kwa alama za huruma, lakini kapita."

Fundi akanibana kidole chini ya meza. Jamani, mimi nikajiona tayari nimekaa sebuleni kwa baba mkwe, nimekunja miguu, natajiwa mahari.

Saa saba mchana nikawapeleka kwa Mama Jiko. Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka kazi yangu bora kuliko zote. Ukuta wa bluu, herufi za manjano, na pembeni jogoo mkubwa, upanga mwekundu, mkia umetanuka hadi unagusa maandishi.

"Mnamwona huyo?" nilisema. "Watu hupita alfajiri wakidhani amewika."

"Shemeji, huyu ni jogoo au tausi?" aliuliza Mwalimu.

"Ni jogoo aliyesoma."

Mama Jiko mwenyewe alikuwa ametoka kwenda sokoni. Tulihudumiwa na binti mgeni ambaye sikuwahi kumwona. Mkunga akaagiza maharage, Mwalimu samaki. Mimi tumbo lilishajaa, nikaomba chai. Fundi akaangalia ukuta.

"Dada, huyu kuku wa mchuzi hana karanga?"

Binti akasita. "Ngoja nikaulize jikoni..."

"Ukaulize nini, dada'angu?" nilimkata, nikainuka na kidole juu. "Ukuta si huo? 'Kuku wa mchuzi.' Umeona karanga pale? Nisichoandika mimi hakipikwi."

Yule binti akanitazama, akamtazama Fundi. Fundi akacheka.

"Haya, bwana ukuta. Nakuamini. Dada, niletee huyo kuku."

Alikula kijiko cha kwanza, akasifu tangawizi. Cha pili, cha tatu. Mimi nikawa nasimulia kisa cha kinyozi aliyenikatalia herufi kwa sababu kichwa nilichomchorea kilifanana na shemeji yake. Kila mtu anacheka. Fundi akaanza kujikuna shingo.

"Brashi," alisema. "Ulimi unakuwa mzito."

"Ulikuwa mwepesi lini, mama?"

Hakucheka. Alikohoa, akashika koo. Midomo yake, ile ninayoijua kwa ukubwa na upana, ilikuwa inavimba mbele ya macho yangu kama unga uliotiwa hamira. Akavuta pumzi, ikatoka mluzi mwembamba.

Mkunga alikwishasimama. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja, uso ukambadilika.

"Karanga hii! Imesagwa laini na nyanya. Gari! Tafuteni gari sasa hivi!"

Mimi nilibaki nimeshika kikombe.

"We mwanaume, unangoja nini?" Mwalimu alinipiga bega. "Mbebe!"

Nikambeba. Nje tulipata teksi, dereva akatuangalia mara moja tu, akawasha bila kuuliza tunakwenda wapi.

"Msimlaze! Mkalishe wima!" Mkunga aliamuru. "Fundi, nitazame mimi. Vuta taratibu. Taratibu, mdogo wangu."

Fundi hakumtazama. Alinitazama mimi. Macho yamemtoka, mkono umenikamata shati, na mluzi ule unazidi kuwa mwembamba.

Na hapo, katikati ya honi na vumbi, ndipo nilipokumbuka.

Miezi mitatu nyuma Mama Jiko alinipa karatasi ya vyakula vyake. Jogoo nilimchora kwanza, nikanogewa, nikamwongeza mkia. Nilipofika kwenye herufi, nafasi ikaisha. Usiku ule ule Mama Jiko akanitumia meseji:

"Mwanangu Brashi, ukuta umependeza ila neno karanga halipo. Wengine hawali hiyo kitu."

Nami nikamjibu:

"Mama, jogoo kakalia nafasi. Nikimfuta nimeua sanaa. Wiki ijayo narudi kuliongeza."

Wiki ijayo yenyewe bado haijafika. Nikasahau. Tena nilisahau vizuri, hadi nikauamini ukuta wangu kuliko kumbukumbu yangu.

Zahanati walimpokea mlangoni. Nesi akamchoma sindano ya paja, akamwekea hewa, mlango ukafungwa. Tukabaki kwenye benchi, mimi na Mwalimu. Mkunga aliingia naye.

Dakika kumi. Ishirini. Kila kiatu kilicholia kwenye korido nilidhani kinakuja kutuambia neno ambalo sitaki kuliandika hapa.

"Shemeji," Mwalimu alisema polepole. "Ule ukuta umeuandika wewe. Karanga kwa nini haipo?"

Ndugu msomaji, ukweli ulikuwa mfupi. Ungetoka kwa pumzi moja. Lakini niliona Jumapili inanikimbia, nikaona sebule ya baba mkwe inafungwa taa.

"Mimi ninaandika ninachopewa," nilisema. "Mama Jiko alinipa karatasi imeandikwa 'kuku wa mchuzi'. Basi. Ningejuaje?"

"Kumbe! Mama mzima anaficha karanga?" Mwalimu akatoa simu. "Huyu hafai kupikia watu. Kesho kutwa bwana afya anamfungia pale. Nitalifuatilia mwenyewe."

Nilimwona Mama Jiko akilini, na yale macho yake mabovu, anapepeta mchele kwa kuusogeza karibu na pua. Ilinipasa kusema, "Subiri." Badala yake nikasema, "Naenda msalani mara moja."

Huko ndani nilifungua simu, nikazifuta meseji zote mbili. Wakati nafuta ya pili, simu ikaanza kuita. Mama Jiko. Nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Mara nne.

Nilipotoka, Mkunga alikuwa mlangoni ananitafuta, anafuta machozi huku anatabasamu.

"Amerudi. Ingieni, ila asiongee sana."

Fundi alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu, midomo bado mikubwa. Sijawahi kuona mtu mzuri kama yule. Nikapiga magoti, nikamshika mkono.

"Naonekanaje?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Kama jogoo wangu."

Akacheka kidogo, akakohoa, sote tukaruka. Alipotulia akauliza, "Brashi. Mwalimu anasema karatasi haikuwa na karanga?"

Hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili. Wengine hawapati hata ya kwanza.

"Haikuwa nayo, mpenzi. Nakuapia."

Akanitazama muda mrefu, akanibana vidole vile vile kama alivyonibana chini ya meza.

"Basi si kosa lako. Usijitese. Kesho kwa baba tunakwenda, hata na mdomo huu."

"Mimi naunga mkono," alisema Mkunga. "Alivyokubeba ungedhani amebeba yai. Shemeji, umepita bila huruma."

Ningepaswa kufurahi. Lakini shati lilikuwa limeniganda mgongoni, na nilisikia viatu vya plastiki vinakuja kwenye korido, vinaburuzwa, kimoja kikilia kuliko kingine. Viatu vile navijua.

"Hodi wanangu."

Mama Jiko alikuwa na aproni bado kiunoni. Mkono mmoja chupa ya uji, mwingine karatasi yenye madoa ya mafuta.

"Pole, mwanangu, pole sana," alimwambia Fundi, akaweka chupa mezani. "Nimerudi sokoni nikaambiwa. Nimempigia huyu mara nne, hapokei."

Mwalimu alisimama. "Mama, bila kukukosea heshima, una ujasiri wa kuja hapa? Unaficha karanga kwenye chakula, mtu nusura afe?"

Mama Jiko hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonimaliza. Alinigeukia tu.

"Brashi. Umewaambia mimi nimeficha?"

Nikatazama dripu. Ilikuwa inadondoka taratibu, kila tone linahesabu.

"Mimi macho yangu mabovu," Mama Jiko aliendelea, "lakini karatasi situpi. Hii ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Kaandika mjukuu wangu, na huyu mwenyewe akapiga vema kila chakula alichokimaliza. Jogoo wake kamjaribia hapo chini kwa penseli. Na meseji yake ninayo."

Akampa Fundi karatasi na simu. Fundi akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti ile ya kukwaruza, neno moja moja:

"'Jogoo kakalia nafasi. Nikimfuta nimeua sanaa.'"

Mkunga akashika mdomo.

"Fundi, nilisahau," nilisema. "Wallahi nilisahau, nimekumbuka kwenye teksi..."

"Kwenye teksi," alirudia. "Kwa hiyo hapa, ulipokuwa umenishika mkono, ulikuwa umeshakumbuka."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba yangu inaishia kwenye kitanda cha zahanati. Akautoa mkono wake kwenye wangu. Hakuutoa kwa hasira. Aliutoa kama mtu anayechomoa uzi kwenye kitambaa, taratibu, usichanike.

"Kusahau ningesamehe, Brashi. Ukuta unafutwa, unaandikwa upya. Lakini ulikuwa tayari mama huyu afungiwe jiko lake ili wewe ukae sebuleni kwetu. Kesho kwa baba nakwenda peke yangu, nikamwambie asimngoje mtu."

"Shemeji zangu," niliwageukia, "nisaidieni kusema..."

"Kaka," Mkunga alisema, na lile neno 'kaka' lilinipiga kuliko kofi, "mgonjwa anatakiwa kupumzika."

Niliinuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni Fundi aliponiita. Moyo ukaruka, mjinga ule.

"Njoo."

Nikarudi. Akaninyooshea ile karatasi, kidole kikiwa kwenye mstari wa tatu. Mama Jiko akasogea karibu, akainamisha macho yake mabovu ili ahakikishe. Mwalimu akakunja mikono kama anasimamia mtihani.

"Soma," alisema Fundi. "Kwa sauti."

"Kuku," nilisoma. "Kuku wa mchuzi..."

Nikaishia hapo.

"Endelea," akasema. "Hapo jogoo hajakalia kitu."